Wanafunzi wa Ridhaa

Mhariri wa jarida letu aliponitaka nichangie makala, nadhani alitarajia sura iliyochopolewa kutoka kwenye tasnifu yangu. Nimemletea jambo jingine. Tasnifu itasomwa na msimamizi na watahini, nao wanalipwa kwa kazi hiyo. Jambo hili ningependa lisomwe na wenzangu wa chama, hasa wale wanaotembea na kalamu nyekundu mfukoni kama nilivyokuwa nikitembea mimi.

Nyumbani kwetu Makongeni, mjini Thika, kuna sanduku la bati ambalo kwa miaka mingi nilidhani limejaa stakabadhi. Baba alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda hicho kilifunga milango yake katika miaka ya tisini, wakati viwanda vingi vya nguo humu nchini vilipokuwa vikilemewa na mitumba na bidhaa kutoka nje, naye akarudi nyumbani na vitu viwili: spana zake na rundo la kalenda kuukuu za Kijapani. Kalenda hizo zililetwa kila mwaka na wauzaji wa vipuri. Karatasi zake zilikuwa nene na laini, zenye picha za maua, milima, na ndege wenye shingo ndefu. Mama alitundika chache sebuleni. Zilizosalia Baba alizitia sandukuni, na migongoni mwake, palipokuwa peupe, akawa anaandika mashairi.

Baba si mzawa wa pwani. Alizaliwa Murang'a, akasoma hadi darasa la saba, na Kiswahili chake sanifu alikiokota redioni na katika ukurasa wa mashairi wa gazeti la Taifa Leo, gazeti lililomfikia jioni likiwa limekwisha kupita mikononi mwa watu kumi. Ana nakala ya Sheria za Kutunga Mashairi ya Amri Abedi, kitabu cha mwaka wa 1954, iliyopoteza jalada kabla sijazaliwa. Huhesabu mizani kwa vidole, akianzia kidole kidogo cha mkono wa kushoto, midomo ikicheza bila sauti. Alijichagulia lakabu, Fundi Kimya, na huiandika chini ya kila shairi kana kwamba kuna mtu atakayetaka kujua. Hakuwahi kutuma hata moja gazetini.

Nilipoingia mwaka wa kwanza wa uzamili nilipanga chumba Ruiru ili niwe karibu na chuo. Siku niliyohamia, Baba alinisindikiza hadi stendi ya Thika, akanipa bahasha ya kaki. "Mama," akasema (huniita hivyo kwa kuwa nimerithi jina la mamake), "niangalizie haya. Wewe sasa ndiye mwalimu."

Niliyaangalia. Ningependa kusema kwamba niliyasoma, lakini sikuyasoma. Niliyaangalia, kama mtu anavyoangalia shati kabla ya kulinunua, akitafuta mshono uliofumuka. Nilikuwa nimetoka kufundishwa bahari na arudhi, na kichwa changu kilikuwa kimejaa istilahi zilizotafuta mahali pa kutua. Penye kina kilichochechemea nilitia duara. Penye neno la kukopa niliandika "si sanifu". Katika shairi la kiwanda palikuwa na mshororo huu: "Kiwanda kimenyamaza, mashine zimelala." Ukwapi una mizani nane, utao una saba. Nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Mizani 7! Zimeshalala." Nikarudisha bahasha mwisho wa mwezi. Baba akanishukuru sana, akasema kumbe hivi ndivyo elimu ilivyo. Mwaka uliofuata, Mama akaniambia kwa sauti ya mtu anayetaja jambo dogo kwamba lile sanduku lilikuwa halijafunguliwa tangu siku ile.

Nilikuwa na somo la tawasifu muhula huo. Mwalimu wetu alitutaka tusome kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, ambaye ulimwengu wa Ulaya humfahamu kwa jina la Emily Ruete. Nilikisoma kitabu hicho kwenye matatu kati ya Ruiru na Thika, kila nilipokwenda nyumbani, nikapita Juja na Witeithie mara kadhaa bila kuinua macho. Wengi wetu tunamjua Salme kwa kisa cha mapenzi: alizaliwa mwaka wa 1844 katika kasri la Mtoni, babake akiwa Sayyid Said bin Sultan na mamake suria Mcherkesi aliyeitwa Djilfidan, akapendana na mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, mwezi wa Agosti 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden, na huko mwaka uliofuata akabatizwa na kuolewa. Kisa hicho kimesimuliwa mno. Kilichonishika mimi ni mambo machache anayoyaeleza kuhusu kujifunza kwake kuandika.

Mabinti wa Sultani walifundishwa kusoma Kurani. Kuandika hawakufundishwa, kwani haikuonekana kuwa kuandika kunamfaa mwanamke. Salme alitaka kuandika. Hakuwa na haja yoyote ya maisha iliyomsukuma. Chakula chake kilikuwa kimehakikishwa, na barua zake zingeandikwa na mwingine. Basi akachukua mfupa wa bega la ngamia, uliotumiwa Unguja siku hizo kama kibao cha kuandikia, akafungua msahafu mbele yake, akaanza kuiga herufi moja baada ya nyingine kwa siri. Hakuwa na mtu wa kumwambia kama mkia wa herufi umepinda vibaya. Alipoona mkono umeanza kutii, ndipo alipomwendea mtumwa mmoja aliyesifika kwa elimu, akamwomba amfundishe. Habari zilipovuja alisemwa vibaya sana. Anasema hakujali.

Nilirudia sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara nikakutana na jambo ambalo Salme hakulikalia. Huyo mwalimu wake hana jina. Tunajua majina ya makasri, ya ndugu, hata ya merikebu, lakini mtu aliyeushika mkono wa binti mfalme na kuunyoosha ametajwa kwa hali yake tu. Alijifunzia wapi? Nani alimruhusu? Msomi huyo wa ikulu alikuwa mali ya watu, na elimu yake haikumkomboa, ila ilimwongezea kazi. Nami siwezi kumsifu mwanafunzi yule bila kumtazama mwalimu wake amesimama pembeni, amenyamaza.

Kuandika kulimponza Salme mapema. Babake alifariki mwaka wa 1856, Majid akatawala Unguja, na mwaka wa 1859 Barghash akajaribu kumpindua ndugu yake. Salme alikuwa kijana wa takriban miaka kumi na mitano, lakini miongoni mwa dada waliomuunga mkono Barghash yeye ndiye aliyejua kuandika, kwa hiyo akawa katibu wa njama, akiandika barua kwa machifu na kuagiza silaha. Njama ikashindwa, Barghash akapelekwa Bombay. Katika uzee wa kitabu chake Salme anajuta juu ya hayo. Anajutia njama; sikuona mahali anapoujutia ule mfupa.

Miaka iliyofuata ilimgeuza mwanafunzi tena. Hamburg alifika mwaka wa 1867 bila Kijerumani. Mwaka wa 1870 mumewe aliangushwa na tramu akafa, akamwachia watoto watatu wadogo katika mji wa baridi. Mwanamke aliyejifunza herufi za Kiarabu kwa kuiba saa za adhuhuri alilazimika kuanza upya na herufi nyingine, zinazokwenda kutoka kushoto. Kumbukumbu zake zilitoka kwa Kijerumani mwaka wa 1886, na katika dibaji anaeleza kwamba aliianza kazi hiyo kwa ajili ya wanawe, ili wajue mama yao alitoka wapi. Hakukusudia wasomaji. Baadaye aliishi Beirut kwa muda mrefu, hadi 1914, akiendelea kuandika kurasa ambazo hazikuchapishwa uhaini mwake. Alifariki Jena mwaka wa 1924. Karatasi na vitabu vyake vimehifadhiwa Leiden, Uholanzi, na barua alizoziandika kama za kupelekwa nyumbani zilikuja kuchapishwa kwa Kiingereza mwaka wa 1993, karibu miaka sabini baada ya kifo chake.

Kiswahili kina neno la mtu wa aina hii, ila tumelifungia katika kurasa za michezo. Tunasoma habari za ndondi za ridhaa, yaani za mabondia wasiopigania malipo. Neno limetoka Kiarabu, na ndani yake mna kuridhia na kuridhika: mtu amekubali kupigwa ngumi na moyo wake umetosheka. Ajabu ni kwamba neno hilo halijavuka mpaka likaingia katika fasihi. Hatusemi "mshairi wa ridhaa". Tunasema "mshairi chipukizi", hata kama chipukizi mwenyewe ana miaka sitini na mitano na wajukuu wawili.

Nilitaka kujua kama mataifa mengine yana heshima tofauti kwa watu hawa, na hapo zile kalenda za Baba zikanitia njiani. Juja, katikati ya Ruiru na Thika, kuna chuo kikuu cha Jomo Kenyatta cha kilimo na teknolojia, kilichoanzishwa mwaka wa 1981 kama chuo cha kadiri kwa msaada wa serikali ya Japani, kikapandishwa hadhi kuwa chuo kikuu mwaka wa 1994. Kwa sisi tuliokulia kando ya barabara ile, Japani haikuwa nchi ya mbali sana. Ilikuwa kituo cha matatu. Hata hivyo sikuwa nimewahi kuuliza zile picha za kalenda ni za mtindo gani. Nilipouliza nikajibiwa: nihonga, yaani uchoraji wa Kijapani. Na katika kusoma juu ya nihonga nikakutana na malkia.

Nagako alizaliwa mwaka wa 1903, akaolewa mwaka wa 1924 na mwanamfalme Hirohito, akawa malkia kuanzia 1926 hadi mumewe alipofariki mwaka wa 1989, naye mwenyewe akafariki mwaka wa 2000 akiwa na umri wa miaka 97. Katika maisha hayo marefu alijifunza nihonga. Nasema alijifunza, wala sisemi alichora tu, kwa sababu alibaki mwanafunzi: alifundishwa na Kawai Gyokudo, mmoja wa mabingwa wakubwa wa sanaa hiyo, aliyefariki mwaka wa 1957, kisha akawa chini ya bingwa mwingine, Maeda Seison. Malkia wa nchi nzima aliendelea kusahihishwa kazi yake akiwa mama wa watoto waliokwisha kuwa watu wazima. Picha zake hakuzitia sahihi kwa jina la kimalkia. Alizitia lakabu, Toen, maana yake bustani ya mipichi. Nilipoliona hilo nilicheka peke yangu chumbani Ruiru. Toen na Fundi Kimya.

Nihonga ina historia inayotuhusu kuliko inavyodhaniwa. Rangi zake husagwa kutokana na mawe ya madini, hukorogwa kwa gundi ya wanyama, na kupakwa juu ya karatasi au hariri. Sanaa yenyewe ni ya kale, lakini jina ni changa: lilianza kutumika katika enzi ya Meiji, kati ya 1868 na 1912, uchoraji wa rangi za mafuta kutoka Ulaya ulipoingia, ikabidi ule wa nyumbani upewe jina la kuutofautisha. Mwanafunzi wa fasihi yetu ataona mara moja jambo analolijua. Ushairi wenye vina na mizani haukuhitaji kuitwa wa kimapokeo mpaka ulipopata mpinzani, na Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka wa 1974 kambi mbili zikasimama, zikarushiana maneno kwa miaka mingi. Katika ugomvi ule kila upande ulikuwa na mabingwa wake. Watu kama Baba, waliokuwa wakihesabu vidole gizani baada ya zamu ya usiku, hawakuulizwa chochote, na inawezekana hawakujua kuna vita.

Jambo jingine ni kuiga. Katika sanaa hizo za mashariki mwanafunzi hunakili kazi za waliotangulia, mpaka mkono ujue. Salme naye alinakili msahafu. Sisi tumezoea kulitumia neno "mwigo" kama tusi la uhakiki. Tukisema mshairi fulani anaiga, tumemmaliza. Nilikuwa nimeandika neno hilo katika pambizo za Baba mara tatu. Sasa nafikiri kwamba mara zile tatu nilikuwa nimemwona akijifunza, nikamkemea kwa sababu hiyo.

Sitaki kuwatia wafalme asali. Salme alikuwa na watumwa wa kumwondolea kazi, naye katika kitabu chake aliutetea utumwa kwa maneno yanayomkera msomaji wa leo, nami niliyasoma nikiwa nimekunja uso. Nagako aliletewa mabingwa hadi kwenye kasri. Fundi wa Makongeni aliyemaliza siku akifufua pampu na cherehani za watu hakuwa na saa za kuiba, ila zile alizozinyima usingizi wake. Ridhaa ya mwenye nacho na ridhaa ya asiye nacho hazina bei moja. Lakini binti wa Sultani akisifiwa kwa kujifundisha herufi juu ya mfupa, sioni ni kwa hoja gani tutamwita fundi aliyejifundisha arudhi juu ya kalenda "mtunzi asiye na mafunzo". Niliitumia istilahi hiyo katika pendekezo langu la utafiti, nikieleza ni kina nani ambao sitawashughulikia. Msimamizi wangu aliipitisha bila swali. Niliiondoa mwenyewe, na sura ya pili ikachelewa miezi minne.

Mwezi wa Disemba nilikwenda nyumbani nikiwa nimejiandaa kuomba radhi. Nilikuwa hata nimeipanga hotuba. Baba alikuwa uani akifungua injini ya pampu ya mtu, mikono imejaa grisi, na hotuba ikanipotea. Nikamwambia tu kwamba naomba kuyasoma tena yale mashairi. Akanitazama, akajifuta mikono kwa kitambaa, akaingia ndani. Alitoka na bahasha ileile ya kaki.

Tulikaa kwenye kivuli cha mparachichi. Nilisoma kwa sauti, polepole, na kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba shairi la kiwanda lina beti kumi na mbili, na kwamba katika beti zote hizo ni utao mmoja tu usiotimia. Mizani nyingine zote zimekaa kama njugu mawe ndani ya ganda. Nikanyamaza pale penye wino wangu mwekundu.

"Nilijua ni saba," Baba akasema.

Nikamuuliza mbona basi hakuandika "zimeshalala", neno ambalo hata yeye bila shaka lilimjia.

"Lilinijia. Lakini zimeshalala ni neno la mtu aliyekubali. Siku ile tulisimama langoni hadi saa kumi na mbili jioni, tukingoja waje watuambie turudi kesho. Hatukuwa tumekubali." Akaichukua karatasi, akaitazama upande wa mbele, penye ndege wawili waliosimama katika theluji, kisha akaigeuza tena. "Halafu nikaona kalamu yako, nikasema labda sheria haina huruma. Nikaacha."

Sikuwa na jibu. Nilisema pole, Baba, naye akasema si kitu, mama, kama wazazi wanavyosema hata penye kitu.

Siku ya kuondoka nilimkuta mezani asubuhi na mapema. Mkono wake wa kulia umeanza kutetemeka kidogo, hivyo huushikilia kwa wa kushoto anapoandika, na sasa hana vidole vya kuhesabia. Mbele yake palikuwa na mgongo wa kalenda ya mwaka wa 1994, safi, wenye mistari mitatu.

"Mama, hebu nihesabie hapa. Ni ngapi?"

Nikahesabu. "Nane."

Akatua kalamu, akaunyosha mkono wa kushoto, akaanzia kidole kidogo, akahesabu tena mwenyewe.